Kuifundisha Ruta Njia: Ushauri kwa Fundi wa Mtandao

Ruta itolewayo katika kasha lake na kuwashwa kwa mara ya kwanza haijui lolote katika dunia ila mitandao iliyochomekwa moja kwa moja katika milango yake. Na mtandao wowote ulio mbali zaidi ya hapo, hata ukiwa katika jengo la ng'ambo ya barabara, kwake ni ghaibu isiyo na jina wala mwelekeo. Maarifa yaliyosalia huyapata kwa moja ya njia mbili: ama fundi ayaandike kwa mkono wake, ama ruta jirani iyalete kwa itifaki ya kupashana habari za njia. Hii ya pili ndiyo ninayokusudia kuieleza, kwa ajili ya mafundi wa vyuo, hospitali, halmashauri na vyama vya ushirika, ambao aghalabu hukabidhiwa ruta mpya na kutakiwa ziwe zinafanya kazi kabla ya Jumatatu, na ambao, kwa haraka hiyo, hunakili amri za mtu mwingine pasipo kujua kila moja inatoa idhini gani.

Kwa maana kila amri iandikwayo siku hiyo ni idhini: idhini ya kusema na fulani, idhini ya kumsadiki, na idhini ya kuyapeleka mbele aliyoyasema. Itifaki za njia ziliundwa na watu waliojuana na kuaminiana, na hata leo ruta isiyowekewa mipaka humsadiki jirani wake kwa kila alitamkalo, bila kudai shahidi. Tarehe 24 Februari 2008, baada ya serikali ya Pakistan kuamuru YouTube izuiwe nchini humo, kampuni ya Pakistan Telecom iliandika njia ya kuzipoteza pakiti zote zilizokusudiwa kwenda huko; lakini njia hiyo, iliyopaswa kubaki ndani ya nchi, ilivuja hadi kwa kampuni ya PCCW iliyokuwa ikiiunganisha na dunia, nayo PCCW ikaipokea bila kuuliza na kuwatangazia wengine. YouTube ilikuwa ikitangaza fungu la anwani 1,024, yaani 208.65.152.0/22, Pakistan Telecom ikatangaza 208.65.153.0/24, anwani 256 zilizomo ndani ya fungu lile lile. Na kwa kuwa sheria ya ruta zote ni kulifuata tangazo lililo mahsusi zaidi, ruta za mabara yote zikawapeleka watu Pakistan, na YouTube ikatoweka kwa takriban saa mbili. Hakuna ruta hata moja iliyoharibika siku hiyo. Kila moja ilitenda sawasawa na ilivyoamriwa.

Ruta za ofisi yako huenda zisiifikie dunia nzima kwa kosa lake, lakini asili ya kosa ni ile ile. Kuzifanya ruta ziseme ni jambo jepesi, amri tatu zatosha. Lililo zito, nalo ndilo kazi hasa ya fundi siku ya kwanza, ni kuamua zitasema na nani, zitasadiki nini, na zitanyamaza wapi.

Kabla ya yote, jiulize kama itifaki inahitajika. Ofisi moja yenye ruta moja na laini moja ya kutokea nje haina haja nayo hata kidogo: njia moja ya jumla, iandikwayo 0.0.0.0/0 na kuelekezwa kwa mtoa huduma, inatosha. Ofisi mbili zilizounganishwa kwa laini moja nazo hutosheka kwa njia mbili tatu za kuandika kwa mkono. Itifaki inastahiki pale panapokuwa na zaidi ya njia moja ya kufika mahali, na ikapasa, njia moja ikikatika, ruta zihamie nyingine zenyewe usiku wa manane, fundi akiwa amelala. Tuchukue mathalan shirika lenye ofisi Dar es Salaam, Morogoro na Tanga, kila ofisi na ruta yake, na zote tatu zimeunganishwa kwa laini za kukodi zinazofanya pembetatu: Dar es Salaam hadi Morogoro kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, Dar es Salaam hadi Tanga kwa megabiti 50, na Morogoro hadi Tanga kwa laini hafifu ya megabiti 10 iliyowekwa kuwa ya akiba. Pembetatu hii nitairejea mara kwa mara.

Ama itifaki za kuchagua ni chache. RIP, iliyoandikwa rasmi na Charles Hedrick mwaka 1988 ijapokuwa ilikuwa ikitumika kabla ya hapo, ni nyepesi kuliko zote, na wengi huanza nayo kwa sababu hiyo; lakini hupima umbali kwa kuhesabu ruta za kupita tu, hadi 15, na ya 16 huihesabu kuwa haifikiki, mfano wa msafiri aulizaye njia na kujibiwa kuwa ni mwendo wa vituo viwili bila kuambiwa kama ni lami au ni matope. Katika pembetatu yetu, RIP ingezipeleka pakiti za Morogoro zinazokwenda Tanga kwa laini ile hafifu ya megabiti 10, kwa kuwa ni hatua moja, ilhali laini mbili za kasi zinazopitia Dar es Salaam zimekaa bure. BGP nayo, ambayo Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliichora mwaka 1989 juu ya karatasi za kufutia mikono walipokuwa wakila chakula cha mchana katika mkutano huko Austin, Texas, ni itifaki ya kuunganisha shirika na shirika, na ndiyo iliyovujisha njia ya Pakistan. Haina kazi katika ofisi tatu za bwana mmoja. EIGRP ni nzuri, lakini ilizaliwa ndani ya Cisco na ilibaki mali yake kwa miaka mingi kabla ya kuchapishwa kwa wote mwaka 2016, na mpaka sasa anayeitegemea hujifunga kwa mtengenezaji mmoja, jambo ambalo shirika linalonunua ruta kwa kadiri ya fedha za mwaka huu haliwezi kulimudu.

Iliyosalia ni OSPF, nayo ndiyo ninayoishauri. Toleo litumikalo leo kwa anwani za kawaida liliandikwa na John Moy na kutangazwa Aprili 1998. Ndani yake kila ruta huwaeleza wenzake laini zake na gharama ya kila laini, habari hizo huenea kwa wote, na kila moja hujichorea ramani kamili na kuikokotoa kwa kanuni ya Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyeibuni mwaka 1956 akiwa ameketi mgahawani Amsterdam pamoja na mchumba wake, bila kalamu wala karatasi, akaichapisha miaka mitatu baadaye. Kwa hiyo ruta ya OSPF haisikilizi tetesi za umbali; huiona nchi yote na kuamua yenyewe. Mifano ya amri nitakayoitoa ni ya ruta za Cisco; mwenye MikroTik, Juniper au programu ya FRRouting atakuta maneno mengine, lakini maamuzi ni yale yale.

Kazi huanza kwenye karatasi. Chora ruta tatu, chora laini tatu, kisha uandike anwani kabla hujagusa kibodi. Mwaka 1996 yalitengwa mafungu matatu ya anwani kwa matumizi ya ndani, nayo ni 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Ninalipendelea la kwanza kwa upana wake, na ninamwonya msomaji asilitumie 192.168.0.0 wala 192.168.1.0 katika ofisi, kwa kuwa ruta nyingi za nyumbani hutoka kiwandani na anwani hizo, na siku mhasibu atakapotaka kuingia katika mtandao wa ofisi kutoka sebuleni kwake, mitandao miwili yenye anwani moja itagongana. Ipe kila ofisi fungu lake zima: Dar es Salaam 10.10.0.0/16, Morogoro 10.20.0.0/16, Tanga 10.30.0.0/16, ili mtu aonaye 10.30 katika orodha ajue papo hapo kuwa ni Tanga. Laini za kuunganisha zipe mafungu madogo ya /30, yenye anwani nne ambazo mbili kati yake hutumika, moja kila upande: 10.255.0.0, 10.255.0.4 na 10.255.0.8. Mwisho, ipe kila ruta anwani moja ya utambulisho wake: 10.255.255.1, 10.255.255.2 na 10.255.255.3.

Kabla ya itifaki kuna matengenezo ya msingi ambayo sitayarefusha. Badilisha nenosiri la kiwandani. Ipe ruta jina la mahali ilipo. Ruhusu kuingia kwa SSH tu na ufunge telneti, ambayo hupeleka nenosiri wazi wazi. Weka saa sahihi, kwa maana kumbukumbu za hitilafu zisizo na saa ya kuaminika hazifai kwa uchunguzi. Kisha, kutoka kila ruta, piga pingi hadi upande wa pili wa kila laini. Hili la mwisho lina uzito kuliko lionekanavyo. Fundi awashaye itifaki juu ya laini ambayo haijathibitishwa hujikuta akitafuta kosa katika mahali pawili kwa wakati mmoja, na mara nyingi huikosoa itifaki kwa dhambi ya waya.

Sasa utambulisho. Kila ruta ya OSPF hujiita kwa nambari yenye umbo la anwani, na usipoitaja mwenyewe, ruta ya Cisco hujichagulia: huchukua anwani iliyo kubwa kuliko zote katika milango ya kubuni iliyo ndani yake, na isipokuwapo, iliyo kubwa katika milango yake iliyo hai. Hatari yake ni kwamba jina la ruta hutegemea waya uliochomekwa wakati ule, na baada ya kuzimwa na kuwashwa tena huenda ikaamka na jina jingine. Usiiachie. Unda mlango wa kubuni kwa amri «interface loopback 0», uupe anwani ya utambulisho uliyoiandika katika karatasi, kisha ndani ya itifaki uandike «router-id 10.255.255.1». Mlango huo hauna waya, hivyo hauanguki maadamu ruta ina umeme, na utakufaa pia kama anwani ya kuiingilia ruta popote uwapo. Angalia sana nambari hizo zisirudiwe. Ruta mbili jirani zenye utambulisho mmoja hukataa kuungana, na zikiwa mbalimbali matangazo yao hugombana, kila moja ikilifuta la mwenzake, na njia zikawa zinaonekana na kupotea bila sababu ya kuonekana kwa macho.

Linalofuata ni kuamua ruta izungumze katika mlango upi, na hapa ndipo ninapoona uzembe mwingi. Yako maelekezo mengi yamwambiayo fundi aandike amri moja pana inayoiwasha OSPF katika kila mlango wenye anwani yoyote, naye huandika na kufurahi kuwa imekubali. Imekubali, naam, lakini tangu dakika hiyo ruta hutuma salamu zake kila sekunde 10, kwa anwani ya wote 224.0.0.5, katika mtandao wa makarani, katika mtandao wa wageni na pengine hata katika laini ya mtoa huduma, na yeyote mwenye kompyuta na programu ya bure aweza kuitikia salamu hiyo, akawa jirani, akatangaza njia, na ruta ikamsadiki. Njia iliyo salama ni kuinyamazisha kwanza milango yote, kisha kuifungua ile tu inayoelekea ruta zako. Ndani ya «router ospf 1» andika «passive-interface default», halafu kwa kila mlango wa laini ya kuunganisha andika «no passive-interface» na jina la mlango. Kisha nenda katika mlango wenyewe, mmoja mmoja, uandike «ip ospf 1 area 0»; uandike pia katika mlango wa makarani na ule wa kubuni, kwa sababu mlango ulionyamazishwa hauzungumzi na mtu lakini mtandao wake bado hutangazwa kwa ruta nyingine, nasi twataka Tanga iwajue makarani wa Morogoro. Ni kazi ndefu kidogo kuliko ile amri pana, ila msomaji wa orodha ya amri hizo mwakani ataona dhahiri ni mlango upi ulioruhusiwa na upi uliozuiwa.

Nambari 0 katika amri ya «ip ospf 1 area 0» ni ya eneo. OSPF huruhusu mtandao mkubwa ugawanywe katika maeneo yaliyofungamana na eneo la uti wa mgongo, ambalo ni la 0. Wapo wafundishwao kuwa kugawa ni ustadi, wakaunda maeneo manne kwa ruta tano. Kwa ruta tatu, kwa kumi, hata kwa kadhaa wa kadhaa, eneo moja latosha, na liwe 0 ili upanuzi wa baadaye upate pa kushikana.

Kisha weka siri kati ya majirani. OSPF yaweza kudai kila pakiti yake ije na muhuri uliokokotolewa kwa neno la siri ambalo ruta mbili hulijua, na tangu 2009 kuna utaratibu rasmi wa kutumia mihuri ya jamii ya SHA, iliyo imara kuliko ile ya MD5 iliyotangulia. Tumia iliyo imara ikiwa ruta zote zaikubali, na MD5 kama hazina jingine; lakini usiache laini ya kukodi ikipita katika mitambo ya watu wengine bila muhuri wowote. Kama katikati pana ngome ya ulinzi, iruhusu itifaki nambari 89, kwa kuwa OSPF haisafiri ndani ya TCP wala UDP.

Sasa nafika kwenye gharama, nami nitakawia hapa, kwa kuwa katika nchi ambazo laini hukodiwa kwa kipimo cha fedha, jambo hili huharibika kimya kimya kuliko yote. Ruta ya Cisco hukokotoa gharama ya mlango kwa kugawanya kasi ya rejea kwa kasi ya mlango, na kasi ya rejea iliyowekwa tangu zamani ni megabiti 100. Mlango wa megabiti 100 hupata gharama ya 1. Wa gigabiti moja ungepata moja ya kumi, lakini gharama haipungui 1, hivyo nao hupata 1. Na wa gigabiti 10 kadhalika. Ruta haioni tena tofauti baina yao. Fauka ya hayo, mlango wa ruta yako huenda ni wa gigabiti moja, na waya uingiao katika kisanduku cha kampuni ya simu ni wa gigabiti moja, ilhali ulichokikodi ni megabiti 10, na kampuni huikata kasi huko mbele mahali ambapo ruta haiwezi kupaona. Katika pembetatu yetu milango yote sita ni ya gigabiti, basi laini zote tatu zitapewa gharama ya 1, na Morogoro itazipeleka pakiti zake Tanga kwa laini hafifu ya akiba, sawasawa na ambavyo RIP ingefanya. Fundi atakuwa amechagua itifaki yenye ramani, kisha akaipa ramani isiyo na vipimo.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, katika kila ruta bila kuruka hata moja, andika «auto-cost reference-bandwidth 100000», ili gigabiti 10 iwe na gharama ya 10 na gigabiti moja iwe na 100. Ya pili, katika mlango wa kila laini ya kukodi andika gharama kwa mkono, kwa kadiri ya kasi uliyoilipia, na uiandike pande zote mbili: megabiti 100 ni «ip ospf cost 1000», megabiti 50 ni 2000, megabiti 10 ni 10000. Sasa hesabu mwenyewe kwa kalamu. Morogoro kwenda Tanga moja kwa moja ni 10000. Kupitia Dar es Salaam ni 1000 na 2000, yaani 3000. Basi pakiti zitapita Dar es Salaam. Laini ya Dar es Salaam na Tanga ikikatika, Dar es Salaam itaifikia Tanga kwa kupitia Morogoro, kwa 11000, polepole lakini kwa hakika. Fanya hesabu hii kwa kila pembe kabla ya kuwasha, uiandike katika karatasi ile ile, kwa maana baadaye utailinganisha na ruta zenyewe zinavyosema.

Ziko laini ambazo pande zake ni ruta mbili tu, kama zetu zote tatu. Zitangaze hivyo kwa «ip ospf network point-to-point», kwa kuwa OSPF ikikuta mlango wa itheneti hudhani pana umati wa ruta, ikaanza kuchagua mkuu na naibu wake, uchaguzi usio na faida panapokuwa na wawili. Iandike pande zote mbili pia.

Sasa waulize majirani: «show ip ospf neighbor». Kila laini ilete jirani mmoja mwenye hali ya FULL, na utambulisho wake uwe ule ulioupanga. Jirani asipotokea kabisa, linganisha pande mbili: vipindi vya salamu, ambavyo kwa kawaida ni sekunde 10, na sekunde 40 za kumhesabu jirani kuwa amekufa, nambari ya eneo, neno la siri, kisha uangalie kama mlango haukusahauliwa katika unyamavu. Akikwama katika INIT, basi wewe unamsikia na yeye hakusikii. Na akikwama katika EXSTART, akijaribu na kurudi, akijaribu na kurudi, usipoteze usiku kwa kusoma amri upya: pande mbili hazikukubaliana juu ya ukubwa wa juu wa pakiti. Ruta moja imewekewa baiti 1500, nyingine imepunguziwa na mtu aliyetaka kuifaa laini ya kampuni ya simu. Zilinganishe, na ujirani utakamilika papo hapo.

Ujirani ukikamilika, soma jedwali la njia kwa «show ip route ospf» na kulilinganisha na karatasi yako. Kisha ikate laini kwa makusudi. Anza na laini moja, jioni watu wakiwa wameondoka, huku pingi ikiendelea kati ya kompyuta ya Morogoro na ya Tanga, na utazame ni sekunde ngapi hupotea. Ukichomoa waya katika ruta, mlango huanguka mara moja na njia huhama kwa haraka. Lakini laini ikikatika ndani ya mitambo ya kampuni ya simu, mlango wako hubaki hai, na ruta yaweza kungoja sekunde 40 zote kabla ya kukata tamaa na jirani. Kwa hiyo jaribio la kuchomoa waya peke yake halitoshi; mwombe mwenzako wa upande wa pili auzime mlango unaotoka katika kisanduku cha kampuni, au mwarifu mtoa huduma akukatie laini kwa saa mliyokubaliana. Ukiona sekunde 40 ni nyingi mno, ipo itifaki ndogo iitwayo BFD, iliyosanifiwa mwaka 2010, ambayo huligundua tukio hilo kwa chini ya sekunde moja. Iongeze baada ya yote kuthibiti, isiwe kabla.

Njia ya kutokea nje iwe ya mwisho. Dar es Salaam peke yake ndiyo yenye laini ya intaneti, basi Dar es Salaam peke yake iandikwe «default-information originate», nayo itawatangazia wenzake njia ya jumla kwa sharti kwamba yenyewe inayo. Wengi huongeza neno «always» mwishoni. Mimi nalikataa, maana huifanya ruta iahidi njia ya nje hata isipokuwa nayo. Wala usiamuru njia zote za mkono zimwagwe ndani ya OSPF ili kurahisisha kazi. Kumwaga kwa jumla ndiko kuliko asili ya mivujo mingi, ndani ya ofisi na nje yake.

Ikiwa siku moja shirika litakua, likaunganishwa na watoa huduma wawili au na kituo cha kubadilishana trafiki kama KIXP cha Nairobi, itabidi lipate nambari na anwani zake kutoka AFRINIC, sajili ya anwani za intaneti ya Afrika, yenye makao Mauritius, na hapo BGP itaingia. Hapo ongeza makali ya yote niliyoyasema. Usiwashe ujirani wa BGP kabla ya kuandika orodha mbili: ya njia utakazozitangaza, ambazo ni zako tu, na ya utakazozipokea. Tangu 2017 viwango vya kimataifa vinaelekeza kwamba ruta ya BGP isiyo na sera iliyoandikwa isitangaze wala isipokee njia yoyote kwa jirani wa nje. Lakini si ruta zote za zamani zilizo katika kabati za ofisi zetu zinazofuata kanuni hiyo, na ulinzi wa kutegemea ni ule ulioandikwa na fundi mwenyewe.

Yaliyosalia ni machache, nayo husahauliwa kwa uchovu wa saa hizo. Amri ulizoziandika zimo katika kumbukumbu ambayo umeme ukikatika hufutika, na umeme hukatika. Zihifadhi kwa «copy running-config startup-config» katika kila ruta, unakili faili la kila moja nje ya ruta, ubandike ile karatasi ya anwani na gharama ndani ya mlango wa kabati ukiwa umeandika tarehe. Kisha, kabla hujaondoka chumbani, izime ruta moja kwa swichi yake, uhesabu hadi kumi, uiwashe. Ikiamka na jina lake, ikawapata majirani wake wote katika hali ya FULL, na jedwali lake likalingana na karatasi yako, iendee ya pili ufanye vivyo hivyo, na ya tatu. Na mkabidhi mkuu wako kazi baada ya zote tatu kufaulu.